Hivi stelingi akibaki hai kitabu kinakuwa cha kitoto? Wapenzi wa hadithi za giza na wa burudani tukutane hapa

#1 Kurasa Kunjwa

Wakuu habari zenu,

Hili jambo nimekaa nalo muda sasa, nimeona nilitue hapa maana nikiwaambia watu wa karibu wananiona sina kazi ya kufanya. Mimi kwa miaka kama kumi hivi nilikuwa mtu wa hadithi za giza tu, yaani kitabu kisipokuwa na msiba nilikuwa nakiona hakijaiva. Mtu akiniuliza unasoma nini siku hizi najibu kwa sauti ile ya chini chini kama nimefiwa. Detektivu, mapenzi, vichekesho, hivyo nilikuwa naviita vitabu vya kusubiria foleni, na sio kwamba sikuwa navyo, ninavyo tele, ila vilikaa safu ya nyuma ya rafu ambapo mgeni haoni.

Sasa mwaka juzi mzee wangu akalazwa, wiki tano. Nikawa nakesha naye. Usiku wa kwanza nimebeba riwaya moja nzito ambayo nilikuwa nimeisikia sifa zake muda mrefu, nikafungua, ukurasa wa pili mtoto kafa. Nikaendelea kidogo, ukurasa wa kumi na moja mama naye hoi. Nikaifunga. Haikuwa mbaya, iliandikwa vizuri mno, tatizo ni kwamba ilikuwa inanisimulia kitu ambacho nikinyanyua macho tu nakiona.

Kesho yake nikaenda na kidetektivu changu cha zamani, karatasi zimeshakuwa za njano, jalada halipo. Kitanda cha jirani kulikuwa na jamaa kafungwa plasta mguu mzima mpaka pajani, akaniona nacheka peke yangu akasema wewe soma kwa sauti, tupo wote humu. Nikaanza kwa kunong'ona. Usiku wa tatu nina wasikilizaji vitanda vitatu na nesi mmoja ambaye alikuwa anakuja kuangalia dripu ambayo haikuwa na shida yoyote, anaiangalia dakika ishirini. Mzee alikuwa hawezi kuongea vizuri, kwa hiyo akimshuku mtu ananyanyua kidole kimoja juu ya shuka. Alimshuku daktari kuanzia sura ya pili. Sisi wote tulikuwa tunamkazania mke wa marehemu, mzee kidole juu, daktari. Na alikuwa sahihi! Jamaa wa plasta aliruhusiwa zikiwa zimebaki sura tatu, akagoma kuingia kwenye gari mpaka nimuahidi nitampigia simu usiku nimsomee, na nilimpigia kweli, sura ya mwisho tuliimaliza yeye yuko kitandani kwake na mimi nimesimama koridoni.

Baadaye ndio nikaja kuwaza. Kile kidetektivu kina maiti nne. Nne! Mmoja kachomwa moto. Riwaya niliyoifunga mpaka pale nilipofikia ilikuwa na mmoja na nusu. Kwa hesabu ya maiti basi detektivu ndio kitabu cha giza, sasa mbona mimi na wagonjwa tulikuwa tunapumzika humo ndani?

Jibu langu (na ndio nataka mnipinge) ni kwamba burudani haina maana hakuna giza. Burudani maana yake mlango wa kutokea unaujua kabla hujaingia. Ile sheria ya tangu utotoni kwenye muvi, stelingi hafi. Ukishajua stelingi hafi na muuaji atakamatwa, hata wachinjane vipi wewe unageuza ukurasa umetulia. Hadithi ya giza ni ile ambayo mwandishi hajakuahidi kitu. Kwa hiyo tunapobishana nani anasoma vitu vya maana na nani anasoma vya kitoto tunabishana kitu sicho, ni suala la nani leo ana nguvu ya kuingia sehemu asiyojua kama atatoka.

Karibuni.

#2 Nusu Kaputi

Uzi mrefu kama treni ila nimeusoma wote. Naweka kambi hapa, wabobezi waje.

#3 Mzamia Lulu

Mkuu nakupinga asubuhi na mapema.

Ukishasema "stelingi hafi" umeshaniharibia kitabu kizima. Mimi nasoma ili niogope kweli. Kama najua atapona basi kila hatari anayopita ni mazoezi ya viungo, anaruka kamba tu. Angalia Kezilahabi. Rosa Mistika, 1971, Rosa anajiua. Kichwamaji, 1974, Kazimoto anajiua. Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, Tumaini ananyongwa. Kwa yule mzee stelingi hana bima! Na ndio maana ukisoma sehemu ambayo Rosa bado ni binti anasoma shule, hakuna baya lolote limetokea, wewe tayari tumbo linakukaza. Hiyo kitu detektivu hawezi kukupa hata aue mtaa mzima.

Na suala la mwisho, mimi napenda mwisho usiofungwa. Ninayo riwaya moja, kitabu changu cha kufa na kuzikana, mwanamke kapoteza kila kitu, anatoka na begi moja mpaka kituoni, basi linakuja, na mstari wa mwisho kabisa unasema "akashika mlango wa basi na". Basi. Na, halafu hakuna nukta, ukurasa umekwisha, kitabu kimekwisha. Wakuu nimekaa na hiyo "na" miaka sita. Je alipanda? Alirudi? Mwandishi kakuachia wewe mlango mkononi. Huo ndio ujasiri wa uandishi, sio mambo ya kukusanya watu sebuleni halafu mpelelezi anatembea tembea anaeleza nani kaua.

#4 tembo_mweupe

Spoila zote hizo umezimwaga bila hata kutuonya 😂

#5 Mzamia Lulu

Vitabu vina zaidi ya miaka hamsini mkuu, ulikuwa unasubiri nini.

#6 Shangazi Mkali

Hawa wapenzi wa giza huwa wananichosha jamani, sio vitabu vyao, wao wenyewe. Wanaongea kama vile kulia ni kazi na kucheka ni uvivu. Kaa chini uandike kifo, halafu kaa uandike kichekesho ambacho mtu usiyemjua atacheka akiwa peke yake chumbani, uje utuambie kipi kilikutoa jasho. Ukiandika mtoto kafa hata ukiandika vibaya msomaji atasikitika kidogo kwa huruma yake mwenyewe. Kichekesho kikikosea robo sekunde hakuna wa kukuonea huruma.

Na hii dharau ilianza kwa waandishi wenyewe. Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes mpaka mwaka 1893 akamtupa kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi ili apate nafasi ya kuandika riwaya zake za historia alizoziona ndio kazi za heshima. Mwaka 1903 akamrudisha mwenyewe kwa mkono wake, tena akatunga maelezo jinsi alivyopona. Hizo za historia nani humu kazisoma? Nyoosheni mikono. Holmes ndio huyo mpaka leo, na ndiye aliyemzaa Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni na msaidizi wake Najum pembeni. Mzimu wa Watu wa Kale ni ya 1960 na nimeisoma mara nne nikijua muuaji ni nani. Mara NNE. Sasa wewe wa #3 unasema ukijua mwisho kitabu kimeharibika, mbona mimi changu hakiharibiki?

#7 Kinyonga wa Saba

Shangazi umemaliza ila ngoja niongeze chumvi kidogo, mimi hii fasihi nimeisomea.

Huku kwetu wasomi wana majina kabisa, riwaya dhati na riwaya pendwa. Dhati ni ile inayokwenda darasani, pendwa ni ile inayosomwa chini ya dawati. Simu ya Kifo ya Katalambulla (1965), Kufa na Kupona ya Musiba (1974) na jasusi wake Willy Gamba, hizo ndio pendwa. Sikiliza hilo neno vizuri, pendwa, yaani inayopendwa, na eti hilo ndilo limekuwa tusi! Na ile nyingine kama hii ndio inapendwa basi yenyewe inafanywaje, inavumiliwa?

Ila kuhusu kuvumilia mwisho mchungu, kuna kisa huwa nakipenda. King Lear ya Shakespeare mwishoni binti yake mdogo, Cordelia, ananyongwa, baba anaingia jukwaani kambeba maiti. Mwaka 1681 jamaa mmoja anaitwa Nahum Tate akaona huu ni ukatili, akaiandika upya, Cordelia anapona anaolewa, mfalme anarudishiwa kiti. Na toleo la Tate ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 140! Vizazi vya watu viliingia ukumbini na kutoka vikijua Lear inaisha na ndoa. Na msidhani ni wajinga waliokuwa wanaipenda, Samuel Johnson, msomi mkubwa kabisa wa zama zile, mtu wa makamusi, aliandika mwaka 1765 kwamba kifo cha Cordelia kilimshtua kiasi kwamba hakumbuki kama aliwahi kuthubutu kuzisoma tena zile sehemu za mwisho mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimisha.

Sasa huyo tumuite wa kitoto? Mimi naona huyo ndiye aliyeisoma kuliko sisi wote. Sisi tunaisoma Cordelia anakufa tunasema "mmh, tanzia nzuri" halafu tunaenda kulala.

#8 Nusu Kaputi

Hiyo ya mwisho imenigusa. Kuna muvi niliangalia watu wanalia pembeni yangu, mimi nawaza tu kamera wameiweka wapi.

#9 Mvua ya Usiku

Habari. Huwa nasoma tu humu sichangii.

Kurasa Kunjwa nimekusoma vizuri na nimefurahi kwa ajili ya mzee na kidole chake, lakini kwangu ilikuwa kinyume kabisa. Miaka minne iliyopita nilipoteza mtoto, sitaki kueleza zaidi ya hapo. Watu wakaniletea vitabu, nia yao njema, vyote vya kuchangamsha, vya kutia moyo, vile ambavyo mwanamke analia sura ya kwanza na sura ya kumi na mbili anacheza. Sikuweza. Kila nikifungua nilikuwa naona kabisa kule mbele wameshaniandalia furaha, wananisubiri, nikawa nahisi kama naharakishwa. Ile unayoita mlango wa kutokea mimi niliona kama ninafukuzwa.

Nilichoweza kusoma ni kitabu kimoja ambacho hakuna anayeokolewa. Hakuna. Nilikisoma polepole, kurasa nne tano kwa siku, na kilikuwa ndio kitu pekee kipindi kile ambacho hakikuniambia utapoa. Kilikaa tu na mimi. Kwa hiyo sio kila mtu mwenye giza ndani anatafuta taa, wengine tunatafuta mtu aliyekaa gizani pale pale.

Leo nasoma vyote. Hata vya kucheza.

#10 Shangazi Mkali

Pole sana mwanangu. Nimeelewa. Yale maneno yangu ya #6 kuhusu mtoto kafa niliyaandika ovyo, naomba uyasamehe.

#11 Mvua ya Usiku

Hamna shida Shangazi, kuhusu kichekesho ulikuwa sahihi.

#12 tembo_mweupe

Mimi sina makubwa, niko upande wa sizoni zaidi kuliko vitabu. Nina kero moja tu, giza la kupaka. Yaani siku hizi mtu akitaka aonekane kaandika kitu cha watu wazima anazima taa. Skrini nyeusi huoni hata nani anampiga nani, kila mtu kanuna, mvua inanyesha mfululizo utadhani mawingu yamelipwa, halafu kila episodi lazima auawe mtu uliyemzoea ili kesho watu wapate cha kuongea. Mwanzoni nilikuwa nashtuka. Baadaye nikagundua siwazoei tena, akiletwa mhusika mpya mchangamfu nasema huyu tayari marehemu. Sasa hapo kuna tofauti gani na stelingi hafi? Ile ilikuwa stelingi hafi, hii ni stelingi lazima afe, zote najua mwisho wake.

Kipimo changu ni kimoja, mtu akishakufa najiuliza alikuwa anapenda nini. Kama mwandishi hajawahi kunionyesha hata kitu kimoja alichokuwa anakipenda, wimbo, kiatu, mchezo wa karata, chochote, basi hakumuua mtu, kafuta jina.

#13 Kinyonga wa Saba

tembo hii ya #12 iwekwe kwenye fremu.

Halafu wale Wagiriki wa kale ambao tanzia yote tunawasingizia wao, kwenye tamasha la Dionisi pale Athene mtunzi alikuwa analeta tanzia tatu, na akishamaliza kuua watu wote analeta mchezo wa nne, wa masatiri, viumbe nusu mtu nusu mnyama, ulevi na utani wa aibu mwanzo mwisho. Mtunzi yule yule, hadhira ile ile. Kumchagua mmoja na kumtukana mwingine ni mambo yetu sisi.

#14 Jiwe la Pembeni

Na Shaaban Robert tumuweke wapi? Kusadikika (1951) wajumbe sita wanatupwa jela kwa kosa la kwenda kutafuta maarifa kwa ajili ya nchi yao wenyewe, giza tupu, lakini Karama, naye mshitakiwa, anasimama mahakamani anaongea mpaka wanaachiwa. Nilipokuwa kijana niliona mwisho ule ni wa ngano. Sasa hivi naona mtu aliyeandika vile chini ya mkoloni alikuwa anajua vizuri sana kwamba kwenye maisha hawaachiwi.

Tolkien, yule wa The Lord of the Rings, kwenye mhadhara wa 1939 aliwajibu wanaosema hadithi za namna hii ni kukimbia ukweli, akasema mnachanganya mfungwa anayetoroka na askari anayetoroka vita. Mtu aliye jela akiwaza kitu kingine mbali na kuta na askari jela kosa lake nini?

Ila sikuja kwa ajili ya hayo. Mzamia Lulu, hicho kitabu cha "akashika mlango wa basi na", jalada lake lina kijani na mwanamke kapigwa picha kwa nyuma?

#15 Mzamia Lulu

Ndicho hicho hicho! Hatimaye nimepata mtu aliyekisoma. Ule mwisho ulikuacha wapi mkuu?

#16 Jiwe la Pembeni

Chako kina kurasa ngapi?

#17 Mzamia Lulu

198. Kwa nini?

#18 Jiwe la Pembeni

Changu kina 212.

#19 Nusu Kaputi

HAPANA 😂😂😂😂

#20 tembo_mweupe

"Huo ndio ujasiri wa uandishi." Nimelala chini hapa naomba msaada.

#21 Shangazi Mkali

Miaka sita na "na". Miaka sita! Gundi ya kiwandani imempa mtu falsafa.

#22 Kurasa Kunjwa

Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Mzamia usikasirike, kwanza mimi naona bado una hoja, ile "na" imekufanyia kazi miaka sita na hakuna aliyekudanganya ila gundi tu.

Nimjibu Mvua ya Usiku maana nimeuzunguka uzi huu siku mbili nakwepa. Sikumaliza stori yangu pale juu. Mzee aliruhusiwa, tukarudi naye nyumbani, akakaa nasi miezi saba. Baada ya mazishi, wageni wameshaondoka, nilichukua kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu nacho, kikawa kile kizito nilichokifunga ule usiku wa kwanza. Nilikimaliza kwa siku mbili. Yule mtoto wa ukurasa wa pili, yule mama wa kumi na moja, wote, mpaka mwisho, na mwisho hakuna aliyetoka. Nikajaribu baadaye kurudi kwenye kidetektivu, nikafika pale kwenye daktari nikakiweka chini, kilikuwa hakisomeki bila kile kidole.

Kwa hiyo ile nadharia yangu ya mlango, sijui. Inafanya kazi wakati bado unaogopa kitu kitatokea. Kikishatokea ni habari nyingine, nakubali.

#23 Mvua ya Usiku

Pole. Alikuwa anampenda nani kwenye kile kitabu, mbali na kumshuku daktari?

#24 Kurasa Kunjwa

Mtunza bustani. Ana mistari miwili tu kitabu kizima. Kila akitajwa mzee alikuwa anatabasamu upande mmoja, mpaka leo sijui kwa nini.

#25 Jiwe la Pembeni

Mzamia, kurasa 14 zilizobaki nimezipiga picha, nimekutumia PM.

#26 Mzamia Lulu

Nimeziona zimeingia. Sijafungua. Acheni kelele kidogo nifikirie.

#27 Nusu Kaputi

Fungua mzee, tumekesha hapa.

#28 Kinyonga wa Saba

Asifungue. Mwacheni na Lear yake, ila yeye ni Tate kinyumenyume.

#29 Mzamia Lulu

Nimefungua.

"akashika mlango wa basi na kumwambia konda waende tu, yeye ameghairi."

Anarudi, wakuu. Anageuka na begi lake anarudi kwa dada yake, wanapatana, kuna mpaka harusi. Kurasa kumi na nne za watu kukumbatiana. Yule mwanamke niliyemlilia mimi.

#30 Shangazi Mkali

Si ndio vizuri?

#31 Mzamia Lulu

Shangazi wewe baki na 212 zako. Mimi changu kinaishia 198.